Ramani ya tayari ya vyumba vitatu: Kisesa inakaa, Isamilo inakwama

Kinachokaguliwa hapa ni ramani ya nyumba inayouzwa kwenye simu. Picha ya nyumba nyeupe yenye paa la kuficha, bei chini yake, namba ya kutumia pesa, na faili linaingia WhatsApp kabla chai haijapoa. Ni vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, chumba cha kulia, jiko, stoo, choo cha wote na baraza mbili. Kwa nje nyumba inapima mita 13.2 kwa 11.4, na kifurushi kina kurasa 12 za A3. Muuzaji hatajwi. Bidhaa za aina hii zinafanana mno, hata makosa yake yanafanana, na tatizo kubwa zaidi la hii si la muuzaji mmoja.

Tatizo ni kwamba aliyeichora alikuwa na kiwanja kimoja tu kichwani: tambarare, udongo mgumu, barabara mbele, hakuna jiwe. Kiwanja cha namna hiyo ukikitafuta Kisesa au Usagara, nje kidogo ya jiji la Mwanza, utakipata. Isamilo, Bugando, Igogo, Mabatini na sehemu kubwa ya Capri Point hukipati. Mwanza haikuitwa Jiji la Miamba kwa ajili ya kadi za posta.

Wanaohitaji ukaguzi huu ni wawili. Wa kwanza ni anayetaka kujenga. Wa pili ni kijana aliyemaliza usanifu majengo, ambaye mapema katika kazi yake mteja atamletea faili kama hili na kumwambia, "Injinia, hii iko tayari, nigongee muhuri tu." (Msanifu huitwa injinia mjini hapa. Usipoteze muda kusahihisha, una mengi ya kusahihisha kwenye ramani.)

Kilichomo ndani

Tuanze na sifa, maana zipo. Mpangilio wa vyumba umefikiriwa na mtu anayejua Mtanzania anaishije. Mgeni anaingia sebuleni bila kuona mlango wa chumba cha kulala. Jiko lina baraza yake ya nyuma, kwa hiyo jiko la mkaa na sufuria la ugali wa watu kumi vina mahali pake. Stoo iko kati ya jiko na mlango wa nyuma, gunia la mpunga halivuki sebule. Orodha ya milango na madirisha imekamilika: kila dirisha lina namba, upana, urefu na kimo cha kizingiti. Ukimpa fundi aluminiamu ukurasa huo anaweza kukupa bei siku hiyo hiyo.

Kurasa nyingine ni mpango wa sakafu, mionekano minne, mikato miwili (nyumba ikionyeshwa kana kwamba imekatwa wima), paa, msingi na picha mbili za rangi. Hakuna ukurasa wa kiwanja na hakuna ukurasa wa maji taka. Mikato yote miwili imepita sebuleni na vyumbani, ambako hakuna cha kuonyesha. Hakuna mkato uliopita jikoni wala chooni, ambako fundi bomba ndiko anakohangaika.

Sasa chukua kalkuleta, maana hapa ndipo bidhaa inapoanza kuonyesha uharaka wake. Mstari wa vipimo vya mbele unasomeka 150, 3,600, 150, 1,500, 150, 4,200, 150, 3,150, 150. Jumla 13,200, sawasawa. Mstari wa nyuma unajumlisha 13,050. Ukuta mmoja wa milimita 150 umesahaulika. Sentimita 15 zinaonekana ndogo mpaka siku ya kupiga kamba: fundi atapima mbele kwa mstari wa mbele na nyuma kwa mstari wa nyuma, kisha pembe zitagoma kunyooka na atavuta kamba mpaka "zikubali". Nyumba inakuwa imepinda kabla ya jiwe la kwanza. Kinga yake ni kupima mishazari, kona hadi kona. Kwa mstatili wa 13.2 kwa 11.4, kila mshazari unapaswa kusoma mita 17.44. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja au mbili, simamisha kazi na utafute kosa kwenye karatasi kwanza, kisha kwenye kamba.

Kosa la pili ni la kawaida kwenye ramani za mtandaoni: kuta zimechorwa tupu, bila plasta. Tofali la inchi 6 ni milimita 150, lakini likipigwa plasta ya milimita 15 kila upande linakuwa 180. Korido iliyochorwa mita 1.0 inabaki sentimita 97, na kitanda cha futi sita kinageuka kazi ya watu wanne na ubishi. Choo cha wote kina upana wa mita 1.2 kwenye karatasi na mlango unafunguka kwa ndani. Ukishaweka plasta na vigae, mlango unagusa sinki la choo. Ugeuze ufunguke nje, au sogeza ukuta wa stoo sentimita 15. Ni marekebisho ya dakika tano kwenye kompyuta na ya siku mbili kwenye tofali.

Mteremko

Hapa ndipo ukaguzi ulipochukua muda mwingi, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotoroka.

Chukua kiwanja cha wastani cha milimani, kinachoshuka mita 1 kila mita 6. Si kikali kwa Mwanza. Kwenye kiwanja hicho bodaboda bado inapanda na abiria. Nyumba yetu ina kina cha mita 11.4, kwa hiyo kutoka ukuta wa juu hadi ukuta wa chini ardhi inashuka mita 1.9. Ramani inasema sakafu iwe sentimita 45 juu ya ardhi. Ukiheshimu sentimita 45 upande wa juu, upande wa chini msingi unasimama mita 2.35 juu ya ardhi. Hicho ni kimo cha mlango na ziada, na bado hujaanza kujenga nyumba.

Ndani ya msingi huo kuna tumbo la kujaza. Kwenye tambarare, eneo la mita za mraba 150 lenye kina cha sentimita 45 linataka kama mita za ujazo 68 za kifusi. Kwenye mteremko huu linataka karibu 211. Tofauti ni 143, na hizo ni baada ya kushindiliwa. Ongeza robo kwa sababu moramu inapungua ikishindiliwa, upate karibu 179. Lori linalobeba mita za ujazo 7 litapanda mlima safari 25 au 26 kwa ajili ya kitu ambacho hakipo popote kwenye ramani. Kama lori haliwezi kupanda hadi kiwanjani, na mitaa mingi ya milimani haliwezi, hesabu watu wenye ndoo na viroba.

Kifusi hicho kinasukuma. Kikiwa kikavu na kimeshindiliwa vizuri, ukuta wa mita 2.35 unasukumwa kwa takriban tani 1.7 kwa kila mita ya urefu wake; kwa ukuta wote wa mita 13.2 ni kama tani 22. Mvua ya Aprili ikiingia ndani na ikakosa pa kutokea, msukumo unakuwa maradufu. Ukurasa wa msingi wa ramani hii unaonyesha tofali za kulaza juu ya zege jembamba. Tofali za kulaza zinatosha kwa kozi tatu au nne kwenye tambarare. Kwa mita 2.35 ukuta utaanza kutoa tumbo katikati, kisha ufa wa mlalo kwenye theluthi ya chini, kisha jamvi (zege la sakafu) litaachana na ukuta na utaona mwanya chini ya vigae vya pembeni.

Tiba ziko tatu, na zimepangwa hapa kuanzia ya gharama ndogo.

Ya kwanza ni kubadilisha umbo. Mita za mraba zilezile 150 ukizipanga mita 18 kwa 8.4, na upande mrefu ukafuata kontua (mstari wa ardhi yenye kimo kimoja), ardhi inashuka mita 1.4 tu chini ya nyumba badala ya 1.9. Hutajenga zaidi, utajenga ndefu. Kwa kiwanja cha 20 kwa 20 haitaingia ukiheshimu nafasi za pembeni, lakini kwa viwanja vya 25 na kuendelea inaingia. Kosa la kinyume linaonekana mara nyingi: nyumba inageuzwa ili sura iangalie ziwa, upande mrefu unashuka na mlima, na mita 1.9 zinakuwa 2.2.

Ya pili ni kukata sakafu. Ramani hii ina korido inayogawa nyumba karibu nusu kwa nusu, sebule na jiko upande mmoja, vyumba upande wa pili. Kata hapo. Kila nusu inashuka sentimita 95 tu, na kifusi cha ziada kinapungua kwa nusu, kutoka mita za ujazo 143 hadi kama 71. Kati ya nusu mbili unaweka ngazi sita za kimo cha milimita 158, mapana ya kukanyagia matano ya milimita 300, jumla mita 1.5. Hizo mita 1.5 zitatoka chumba cha kulia, ambacho ramani imekipa ukubwa wa kujivunia hata hivyo. Paa unaliacha moja: dari ya vyumba inabaki mita 3.0, ya sebule inakuwa 3.95 kwa kuongeza kozi nne za tofali, na hewa ya moto inapanda mbali na vichwa vya watu. Angalizo moja: kama nyumba itakaa na bibi mwenye magoti, chumba kimoja na choo viwe upande wa sebule. Hilo linabadilisha mpango, na ni bora libadilike kwenye karatasi.

Ya tatu ni kujenga ukuta wa kweli wa kuzuia udongo. Mwanza mawe hayakosekani, na ukuta mzito wa mawe unafanya kazi vizuri ukiupa kitako: kwa kimo cha mita 2.35, upana wa chini usipungue mita 1.2, ukipungua hadi sentimita 40 au 45 juu. Nyuma yake weka safu ya kokoto ya sentimita 30, na vipande vya bomba la milimita 75 kila mita 1.5 ili maji yatoke. Mafundi wengi huweka mabomba hayo na kusahau kokoto. Mwaka mmoja udongo unayaziba na ukuta unarudi kubeba maji. Ukuta ukizidi mita 1.5 au ukiwa unabeba nyumba juu yake, mhandisi apige hesabu. Hapa hakuna njia ya mkato.

Kifusi chochote kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likimwagiwa maji kiasi na kupigwa. Kumwaga chote siku moja na "kukinywesha" kwa mpira usiku kucha kunaonekana kwenye saiti nyingi, na ndiyo sababu majamvi mengi ya milimani yanalia ukigonga kwa kisigino.

Jiwe

Ukurasa wa msingi una mchoro mmoja, wenye maneno "udongo mgumu" chini yake. Kwenye vilima vya graniti unaweza kuchimba mtaro wa mita 13 na kukuta udongo mwekundu mita 8 na jiwe mita 5. Upande wa jiwe hautashuka hata milimita. Upande wa udongo utashuka kidogo, kama udongo wote unavyoshuka chini ya mzigo. Ufa utatokea pale vinapokutana, na utapanda kwa mshazari hadi kona ya dirisha lililo karibu.

Kabla ya kuamua, gonga jiwe kwa nyundo ya ratili kadhaa. Likilia kama kengele, huenda ni mwamba mzima. Likitoa sauti butu, ni gamba lililoachana na mwamba au ni jiwe lililokaa juu ya udongo. Chimba pembeni uone tumbo lake. Kujenga nusu ya nyumba juu ya jiwe linaloelea ni hatari kuliko kujenga yote juu ya udongo.

Likiwa mwamba kweli, una chaguo mbili. Kama jiwe liko karibu, teremsha msingi wote hadi ufike kwenye jiwe, kwa ngazi za mlalo zilizochongwa, kamwe si juu ya mgongo unaoteleza. Toboa mashimo ya sentimita 30, ingiza nondo za milimita 16 kwa uji wa saruji, kisha mwaga zege. Kama udongo upande wa pili ni wa kina kirefu, acha kiungo cha kutenganisha nyumba pale vinapokutana, kuanzia msingi hadi lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), upana wa milimita 20, na ufunike kwa kipande cha aluminiamu upande mmoja tu. Ukikifunga pande zote mbili umekiua.

Wanaochoma jiwe kwa moto ili wapate kokoto, jambo la kawaida hapa, wakumbuke kuwa moto unaacha tabaka la juu limemeguka. Lichokonoe lote litoke kabla ya kumwaga zege, la sivyo msingi utakaa juu ya chembe.

Choo, karo na mvua

Ramani imeweka choo cha masta kona ya mbele kushoto, choo cha wote katikati nyuma, na sinki la jiko kona ya nyuma kulia. Njia tatu za maji taka kwenda pande tatu. Kwenye udongo laini ni mitaro tu. Kwenye graniti kila mita ya mtaro ni patasi na jasho. Bomba la milimita 110 linataka mteremko wa 1 kwa 40, yaani mita 20 za bomba zishuke sentimita 50. Ukisogeza choo cha masta kipakane na choo cha wote, mita zote za mtaro wa mbele zinafutika, na mpangilio wa masta hauharibiki.

Kubwa zaidi: ramani za aina hii hudhani karo (tangi la maji taka) litakuwa nyuma ya nyumba. Kama barabara yako iko chini ya kiwanja, nyuma ya nyumba ni mlimani. Maji taka hayapandi mlima. Karo lazima liwe upande wa chini, mara nyingi mbele, karibu na geti, na kwa hiyo gari la kunyonya nalo linafika. Kabla ya kuamini shimo la kufyonzea, chimba tundu la sentimita 30 kwa 30 kwenye kina ambacho shimo litafanyia kazi, lijaze maji, liache liloane usiku, jaza tena asubuhi na uangalie. Kama baada ya saa nzima maji hayajashuka hata sentimita moja, uko juu ya mwamba na shimo litafurika kwa jirani wa chini. Uliza MWAUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Mwanza, kwanza kama mtaa wako una mtandao wa majitaka: baadhi ya mitaa ya milimani, Igogo na Mabatini ikiwamo, iliwekewa mabomba membamba yaliyobuniwa kwa ajili ya miteremko hiyo.

Paa la kuficha lina picha nzuri na mateso mengi. Hapa mteremko wa bati umewekwa nyuzi 5. Kwa nusu upana wa mita 5.7, bati linapanda nusu mita tu. Mvua ya Mwanza mara nyingi huja na upepo wa ziwani, ikirusha maji kwenye maungio. Nyuzi 10 ni salama zaidi: bati linapanda mita 1.0, ukuta wa kuficha unaongezeka kozi mbili, na picha haibadiliki sana. Kama lazima ubaki na nyuzi 5, agiza bati zenye urefu kamili, bila kiungo katikati.

Gata iliyofichwa ndani ya ukuta ndiyo inayovujisha nyumba nyingi. Mvua ya milimita 20 juu ya paa hili ni lita 3,000, na kila gata inapokea nusu. Ramani inaonyesha bomba moja la milimita 75 kila upande. Jani moja la mwembe likikaa mdomoni, maji yanapanda na kuingia kwenye jipsamu. Weka mabomba mawili ya milimita 110 kila upande, na tundu la kufurikia kwenye ukuta, sentimita 5 chini ya ukingo wa ndani wa gata, ili maji yakizidi yamwagike nje na wewe uyaone. Na lita 3,000 usizipeleke mtaroni. Msanifu Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo miaka ya 1970 aliyafanya mapaa ya zege yenye umbo la mwavuli uliopinduka yakinge mvua na kuishusha kwenye tangi chini. Wewe unahitaji simtanki la lita 5,000 na kichujio tu.

Jua na upepo, kwa kifupi. Mwanza iko kama nyuzi 2.5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana wa Juni linakuja kutoka kaskazini, nyuzi 26 kutoka utosini, na la Desemba kutoka kusini, nyuzi 21. Dirisha la kimo cha mita 1.5 linaloangalia kaskazini linafunikwa na kivuli cha sentimita 75. Upande wa magharibi hakuna kivuli cha bati kitakachokusaidia: saa 11 jioni jua liko nyuzi 27 hivi juu ya upeo na linaingia moja kwa moja hadi kitandani. Ramani hii ina dirisha la mita 2.4 la masta bila mwelekeo wowote kuandikwa. Likiangukia magharibi, ligeuze au panda mti. Upepo wa mchana hutoka ziwani na wa usiku hushuka kutoka nchi kavu, kwa hiyo chumba cha kulala kinataka dirisha pande mbili. Na nyavu ziwe kwenye kila dirisha: vijidudu vya ziwani vikija kwa wingu, taa ya baraza peke yake inatosha kukuletea bakuli zima.

Kibali na muhuri

Faili hili halitoshi kuombea kibali cha ujenzi, iwe Halmashauri ya Jiji upande wa Nyamagana au Manispaa ya Ilemela. (Kisesa, wengi husahau, iko Wilaya ya Magu.) Halmashauri inataka kuona nyumba ikiwa juu ya kiwanja chako: namba ya kiwanja na kitalu, kaskazini, umbali kutoka kila mpaka, barabara, karo. Inataka pia jina la aliyebuni. Wabunifu majengo husajiliwa na bodi yao, AQRB, chini ya sheria ya mwaka 2010, na wahandisi na bodi yao, ERB. Jina la ukurasa wa mtandaoni kwenye kona ya karatasi si usajili.

Kiwanja cha ufukweni kina jambo lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Pima mita hizo ukikumbuka kuwa ziwa halikai mahali pamoja: Mei 2020 maji yalipanda kupita rekodi ya 1964.

Kwa kijana wa fani: mhitimu wa Chuo Kikuu Ardhi hana muhuri wake siku ya mahafali. Anafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa mpaka bodi imkubali. Akigonga muhuri wa bosi juu ya ramani ya kununua bila kuikagua, 13,050 inakuwa hesabu ya bosi, na bosi ndiye atakayeitwa ukuta ukitoa tumbo.

Lakini ramani ya kununua si adui wako. Mteja aliyeileta tayari ameamua anataka vyumba vingapi na jiko likae wapi, na mazungumzo ambayo huchukua mikutano mitatu yamekwisha. Muuzie huduma ya kuiketisha kwenye kiwanja, kwa mkataba unaotaja vitu vinavyohesabika: vipimo vya kiwanja, ukurasa wa kiwanja, msingi mpya, maji taka, na ziara mbili, moja siku ya kupiga kamba na moja mitaro ikiwa wazi kabla ya zege. Ziara ya pili usiiache hata kama mteja anabana bei. Ndipo jiwe linapoonekana.

Vipimo havihitaji vifaa vya mamilioni. Kipimo cha leza ni kizuri ndani ya nyumba, ila kwenye jua la mchana nukta yake haionekani. Mpira wa maji mwangavu wa mita 25, wenye kipenyo cha milimita 10, unatosha, kwa kuwa maji hukaa kimo kimoja ncha zote mbili. Utie maji yenye rangi, uhakikishe hakuna kiputo hata kimoja (kiputo kimoja kinakudanganya kwa sentimita kadhaa), usiuache mwisho mmoja juani na mwingine kivulini. Piga vigingi kila mita 5. Kiwanja cha 20 kwa 20 kinakupa nukta 25. Funga safari kwa kurudi kwenye kigingi cha kwanza: kikitofautiana zaidi ya sentimita 2, rudia. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili, na kontua za kila nusu mita unazichora jioni.

Hukumu yetu: kwa tambarare, nunua, rekebisha plasta, paa na choo, utakuwa umepata thamani ya pesa yako. Kwa mlima, inunue kama maelezo ya unachokitaka, kisha tenga fedha ya kuichora upya kuanzia sakafu kwenda chini. Kwa ufukwe, usinunue kitu kabla ya kupima mita 60.

Kabla ya kutuma pesa mwombe muuzaji faili la DWG (mchoro unaoweza kurekebishwa kwenye kompyuta) pamoja na PDF. Bila hilo msanifu wako ataanza na karatasi nyeupe na atakutoza hivyo. Muulize jina na namba ya usajili ya aliyechora. Kisha mwombe akutumie picha ya ukurasa wa sakafu, na ujumlishe vipimo vya nyuma mwenyewe. Visome 13,200.